Mutoto anataka kuwa avoka wa pénal: tumutume kusoma wapi?

Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État yakitoka, mazungumuzo ni yale yale mu manyumba ya watumikaji, kuanzia Kipushi mpaka Kolwezi, kupitia Likasi na Kambove. Diplome imepatikana, unga mweupe umemwagwa ku kichwa cha mutoto, majirani wamekuja kuimba, na kesho yake papa na mama wanabakia na ulizo moja: sasa tumutume wapi? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mutoto wa mutumikaji alisoma mashini, umeme ao mambo ya majiwe, juu kampuni ilikuwa pale pale mbele ya mulango. Leo wengi wanasema: "Papa, mi nataka droit." Na kati yao wako wachache wenye wanaongeza neno moja: pénal. Hawa wachache njo tunawaandikia leo, wao na wazazi wao, kwa sababu tunaona wengi wanapotea njia mu siku zile zile za kujiandikisha.

Kwanza tuseme wazi kazi yenyewe ni nini. Droit pénal ni sheria ya makosa na azabu: kuiba, kupiga, kuua, kubaka, kutumia mikanda ya bongo. Lakini mutu mwenye anafanya kazi ile hashindi siku nzima akipaza sauti mbele ya waamuzi, vile tunaona mu filme. Kazi yake kubwa ni kuhesabu siku. Polisi akikamata mutu, Konstitisio, article 18, inasema hawezi kumushika zaidi ya saa 48. Zikiisha, amuachilie ao amupeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Parke ikimuandikia mandat d'arrêt provisoire, inapashwa kumufikisha mbele ya mwamuzi ndani ya siku 5, kama mwamuzi iko fasi ile ile. Mwamuzi akikubali abakie mu buloko, ruhusa ile ni ya siku 15, na kisha inarudiliwa mwezi kwa mwezi. Siku 2, siku 5, siku 15, mwezi. Ule mwenye anajua hesabu hii, na mwenye anaamuka asubui kwenda kuonyesha parke kama siku zimepita, ule njo pénaliste.

Na sisi, kuliko watu wengine, tunajua juu ya nini hesabu hii iko na uzito. Kijana anakamatwa na mufuko wa minere ndani ya konsesio ya kampuni. Labda ameiba. Labda amenunua kwa mwengine pasipo kujua ilitoka wapi. Labda alikuwa anabebea mutu mwengine kwa franga kidogo. Code minier ya 2002, yenye ilibadilishwa mu 2018, inatenganisha mambo hayo: kuchimba pasipo ruhusa, kuiba minere, kuficha minere ya wizi, kuuza na kununua pasipo haki. Si kosa moja, na azabu haiko moja. Lakini ku kashoti yote inapewa jina moja, na famili inakimbia kutafuta feza mbele hata ya kuuliza mashitaka ni gani. Article 19 inasema kila mutu iko na haki ya kusaidiwa na mutetezi mwenye amechagua, tangu ku polisi, si paka mbele ya tribinali. Haki ile iko mu karatasi. Ku mulango wa kashoti, saa tatu za usiku, mutetezi haonekani.

Maavoka wazuri wako mu miji yetu, na hatuwazarau. Lakini wengi wanapenda mikataba ya makampuni, madeni, mashamba na viwanja, juu pale njo kuko feza. Mutu anaweza kuwaelewa. Avoka naye iko na watoto wa kulisha. Kwa hiyo wakati mutoto wa famili ya wachimba-minere anasema anataka pénal, haiko neno la famili yake peke yake. Ni neno la mutaa muzima, na masomo yake tuyaangalie vile.

Sasa tuangalie mitego.

Mutego wa kwanza ni kutafuta "fakilte ya pénal". Hakuna universite yenye inamuingiza mutoto mu droit pénal tangu siku ya kwanza. Mwanzoni wote wanasoma droit kwa ujumla: sheria ya raia, sheria ya serikali, historia ya sheria, na pénal ikiwa somo moja kati ya mengine. Kuchagua njia kunakuja nyuma, na mara mingi pénal inawekwa pamoja na droit privé et judiciaire. Mutu mwenye anakuambia kwamba kwao wanatoa pénaliste kwa miaka miwili anataka feza ya inscription, basi. Iko pia École de criminologie ya Universite ya Lubumbashi, yenye inachunguza makosa ndani ya maisha ya watu: nani anakamatwa, nani anaachiliwa, polisi wanafanya kazi namna gani. Ni masomo mazuri, hata tunatamani wakubwa wa parke wote wangepita pale. Lakini diplome ya criminologie peke yake haimuingize mutu mu baro. Mutoto mwenye anataka kuvaa toge anapashwa kwanza kupita mu droit.

Mutego wa pili uko ndani ya neno moja: lisansi. Papa mwenye alisoma zamani anajua kwamba mutu alifanya miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2, na pale njo aliitwa lisansiye. Miaka 5 yote pamoja. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mu mupango mupya wa LMD, lisansi ni miaka 3, na masta ni miaka 2 zaidi. Jina limebakia, miaka imepunguka. Sheria ya mwaka 2006 juu ya waamuzi na watu wa parke inaomba mutu awe lisansiye wa droit, na wakati iliandikwa, lisansiye alikuwa mutu wa miaka 5. Famili yenye inatengeneza feza ya miaka 3 ikifikiri mutoto atatoka na "lisansi" na kuwa mwamuzi, inajitayarishia machozi. Mbele ya kulipa, muulize fakilte ulizo moja rahisi: masta ya droit iko hapa, ao mutoto atahama mu mwaka wa nne? Kama ni kuhama, kuhama kunaomba nyumba, chakula na transipo, na hesabu ile ifanywe leo.

Na miaka 5 haiko mwisho. Kwa avoka, sheria ya mwaka 1979 juu ya baro inaomba staji ya miaka 2 chini ya avoka mukubwa. Kwa kuwa mwamuzi ao mutu wa parke, iko konkuru, na konkuru haifanywe kila mwaka. Mutu anaweza kungojea. Iko pia njia fupi ya défenseur judiciaire, yenye ilikuwa imefunguliwa kwa mutu wa graduat mu droit, na mwenye kuitembea anatetea watu mu Tribunal de paix na mu Tribunal de grande instance. Watu fulani wanaizarau. Sisi hapana. Tribunal de paix njo inahukumu makosa yenye azabu yake haipite miaka 5 ya buloko, ni kusema makosa mengi yenye yanapata watu wetu. Défenseur mwenye anajua kazi yake, na mwenye anakaa mutaa moja na wewe, ni muzuri kuliko avoka mukubwa mwenye hajibu telefone.

Kisha inakuja ulizo lenyewe: Lubumbashi, Kinshasa, Kolwezi, Likasi, universite ya serikali ao ya kanisa ao ya mutu binafsi?

Wazee wanakumbuka namna gani mu 1971 serikali iliunganisha universite zote kuwa moja, UNAZA, na droit ikawekwa Kinshasa. Mutoto wa huku mwenye alitaka sheria alipanda ndege ao alibadilisha mawazo. Ku 1981 universite zikatengana tena, na leo droit inasomwa Lubumbashi, hata Likasi na Kolwezi mutoto anaweza kuianza pasipo kuvuka inchi. Lakini mawazo ya zamani yamebakia: wazazi wengi wangali wanafikiri kwamba diplome ya mbali iko na uzito kuliko ya karibu. Kwa kazi ingine pengine ni kweli. Kwa pénal, tunakataa.

Tunakataa kwa sababu moja: pénal inajifunziwa mu tribinali sawa vile uchimbaji unajifunziwa mu mugodi. Hakuna mutu amejua kutia mbao za kushikilia shimo kwa kusoma buku peke yake. Article 20 ya Konstitisio inasema vikao vya tribinali viko wazi kwa watu wote, isipokuwa wakati utulivu wa watu ao mambo ya haya yanaomba kufunga mulango. Ni kusema mutoto anaweza kuingia, kukaa ku banki, na kusikiliza bure. Universite yenye iko karibu na tribinali, na parke, na buloko kubwa, iko na labo yake tayari, hata kama manyumba yake yamechoka. Mu Lubumbashi, jina Kasapa liko na maana mbili: campus na buloko. Watu wanacheka juu ya jambo lile, lakini kwa mwanafunzi wa pénal ni bahati: vitu viwili vyenye anapashwa kujua viko ku upande moja wa muji. Kolwezi nayo, tangu Lualaba imekuwa provense mu 2015, haiko tena muji wa kutuma dosye zake mbali. Iko na Cour d'appel yake.

Kuwa karibu hakutoshi, kweli. Fakilte inaweza kuwa mbele ya tribinali na wanafunzi wake wasivuke barabara hata siku moja. Njo maana mbele ya kuangalia rangi ya manyumba, tuulize mambo ya ndani.

Tuulize nani anafundisha droit pénal na procédure pénale, na anakaa siku ngapi. Mu fakilte mingi profesa anatoka mbali, anafika siku ya kwanza ya juma, anafundisha asubui mpaka mangaribi, na siku ya mwisho ya juma somo la mwaka muzima limekwisha. Anaacha silabusi ya kununua na anarudi kwake. Kwa somo lingine mutu anaweza kuvumilia. Procédure pénale haiwezi kuingia mu kichwa kwa siku sita, hata kichwa kiwe cha namna gani. Kama profesa anasafiri, basi muulize assistant ni nani: kama ni avoka ao mutu wa parke mwenye anaingia mu tribinali kila juma, mutoto atapata kitu.

Tuulize kama wanaandika. Mwanafunzi wa pénal anapashwa kujua kuandika ombi la kuachiliwa kwa muda, kusoma procès-verbal na kuona kosa liko wapi, kusimama mbele ya wenzake mu procès ya kujaribu na kutetea mutu mwenye hapendi. Wako watoto wenye wanatoka na diplome na hawajasimama hata mara moja. Tuulize pia kama fakilte inawatuma mu Bureau de consultation gratuite ya baro, fasi yenye watu maskini wanapokelewa pasipo kulipa. Hapo mutoto atasikia mambo yenye hayaandikwe mu silabusi. (Na wewe musomaji, kama uko na shida ya sheria na hauna feza, kumbuka ofisi ile iko.)

Tuingie mu bibliotheke. Ni dakika kumi, na mulinzi hatakufukuza. Uliza Code pénal, na angalia ni ya mwaka gani. Code yetu ni dekre ya tarehe 30 Januari 1940, lakini sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilibadilisha mambo ya ubakaji, moja mu Code pénal na ingine mu procédure. Bibliotheke yenye iko na buku za mbele ya 2006 tu inafundisha watoto sheria yenye haiko tena. Fanya vile vile na Code minier: kama mabadiliko ya 2018 hayamo, uliza juu ya nini, hapa kwetu, fasi yenye kila mutu anaishi na minere.

Na tuulize jambo lenye watu wanaogopa kutaja: pointi zinapatikana namna gani? Tunajua, na wanafunzi wanajua, kwamba mu fasi zingine pointi zinauzwa, kwa feza ao kwa mwili wa mutoto wetu mwanamuke. Mahali pengine popote ni aibu. Mu droit pénal ni hatari ya moja kwa moja. Ule mwenye amenunua pointi za procédure pénale atakaa kesho mu ofisi ya parke, dosye ya mutoto wako mbele yake, na atakumbuka kwamba kila kitu kiko na bei. Uliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, si ofisi ya inscription. Watakuambia.

Kwa universite za watu binafsi, kuko neno la mikanda. Fakilte ya droit iwe na ruhusa ya wizara ya ESU, fakilte ile yenyewe, si universite kwa ujumla, na diplome zake ziwe zinapita mu entérinement. Mutu mwenye hakufanya hii atajua siku ya kupeleka dosye ku baro, wakati miaka 5 imepita na feza imekwisha. Ukiomba kuona karatasi na wakasema mukubwa hayuko, rudi kesho. Ukirudi mara tatu na mukubwa hayuko, endeni fasi ingine.

Neno kidogo kwa wazazi wa wasichana. Bado tunasikia: "Mwanamuke mu pénal atafanya nini, na wauaji na wezi?" Sheria ya 2006 inasema dosye ya ubakaji ichunguzwe ndani ya mwezi moja, na hukumu itoke ndani ya miezi 3, na mwenye aliumizwa asaidiwe na mutetezi. Mutoto wa miaka 13 mwenye alibakwa, atasema kila kitu kwa nani? Wasichana wenu wanangojewa mu kazi hii kuliko hata wavulana.

Tunabakia na feza, na hapa tusidanganyane. Miaka 5 ya masomo, miaka 2 ya staji, pengine miaka ya kungojea konkuru. Mu staji, kijana anavaa kostime, anapanda taxi kwenda ku tribinali, ananunua toge, na mara mingi hapati mushahara, paka feza ya transipo siku mukubwa wake amefurahi. Wengi wanaanguka pale pale, nyuma ya kuvuka mambo yote magumu: wanaacha staji na kwenda kuandika mikataba mu ofisi ya mutu. Famili ilikuwa imehesabu mpaka siku ya diplome na picha, haikuhesabu kisha. Wenye walikuwa mu Gécamines ku 2003, wakati wa départs volontaires, wanajua mwezi wenye mushahara unakatika, mutoto iko katikati ya masomo. Kwa hiyo shauri letu ni hili: kama feza ni ya kuhesabu, chagueni universite ya karibu, mutoto alale nyumbani, na ile yenye mungelipa kwa nyumba ya Kinshasa muiweke kwa miaka 2 ya staji. Fakilte ya kawaida pamoja na staji yenye imemalizika inatoa avoka. Fakilte ya jina kubwa pasipo staji inatoa mutu mwenye diplome.

Hatuwezi kuachia wazazi peke yao muzigo huu. Code minier ya 2018 inalazimisha kila kampuni yenye inachimba kutia saini ku cahier des charges pamoja na watu wa fasi ile, na kutoa angalau 0,3% ya feza yenye inapata kwa mauzo kwa kusaidia maendeleo ya watu. Wakati wajumbe wetu wanakaa ku meza ile, wanaomba kisima, kalasi, ospitali, na wakitaja buruse, wanafikiri paka injinia na munganga. Vyote ni vizuri. Lakini kampuni iko na maavoka wake, serikali iko na parke yake, na mutaa wenye unaishi kati yao hauna mutu. Kwa mazungumuzo yenye yanakuja, tunaomba wajumbe na masinidika waandike mustari moja zaidi: buruse mbili za droit kila mwaka, kwa watoto wenye wanataka pénal, zenye kufika mpaka mwisho wa staji.